Pikipiki Iliyolia Mpaka Njia ya Kobero

Watu huniuliza kama waweke alamu kwenye pikipiki zao, kwa sababu wanajua mjukuu wangu anayo, na wanajua pia kwamba ilitupeleka pabaya. Huwa nawajibu kwa ukali, maana kila nikianza kusimulia nakasirika upya.

Huyu mjukuu nimemlea mimi. Nilirudi naye Burundi kutoka Tanzania akiwa mtoto wa kushikwa mkono, tukafikia Makebuko. Leo ndiye dereva ambaye wanawake wajawazito wa kwetu wanamtafuta awapeleke hospitali Gitega, kwa sababu anaendesha kama amebeba mayai. Nasema hivyo nikijivuna na sitaki mtu anikatize.

Siku moja akarudi kutoka sokoni Gitega na alamu. Mfanyabiashara Mkongomani alimwambia mwizi akigusa tu, pikipiki inapiga kelele na mtaa mzima unatoka. Mtaa wetu ulitoka kweli, wiki ya kwanza. Ulitoka kuku aliporukia kiti, ukatoka mvua iliponyesha, ukatoka lori la saruji lilipopita. Mimi nilitoka na jembe mkononi nikamkuta mbuzi anajikuna kwenye tairi. Wiki ya pili hakutoka mtu. Jirani yangu alikuwa anapalia maharage yake pembeni kabisa ya pikipiki inayolia, na hakuinua hata shingo. Nikamwambia mjukuu wangu amenunua jogoo asiyejua saa. Akasema, "Bibi, wewe hujui mambo ya kisasa." Nikamwacha.

Kisha akapata mchumba Butihinda, kule Muyinga, kwenye familia iliyorudi kutoka Tanzania kama sisi. Tukapanga siku ya kwenda kuomba binti. Sisi wazee tulipanda gari la kukodi pamoja na kreti za vinywaji. Yeye akaja na pikipiki, na suti juu yake. Mafuta siku hizi ni kama dawa za zahanati, unaambiwa yapo, ukienda hayapo. Alifika tangi likiwa kavu. Nikamuuliza kwa nini haingizi pikipiki ndani ya ua. Akasema hakuna haja, alamu ipo, tena mwizi gani ataendesha pikipiki isiyo na tone? Akaiegesha nje, kando ya barabara.

Aliyewahi kukaa kwenye kuomba binti kwetu anajua kwamba msemaji wa upande wa binti akiwa amesimama, hainuki mtu. Ukiinuka umemdharau yeye na ukoo wake, mtalipa faini ya vinywaji au mtarudishwa mlikotoka. Na yule msemaji wao alikuwa mtu wa kuzunguka. Alianzia kwa mababu, akapita kambi za wakimbizi Tanzania, akaanza kuwarudisha watu nyumbani na mizigo yao kichwani, ndipo alamu ikalia.

Mjukuu wangu akashtuka kwenye kiti. Msemaji wetu akamkamata goti. Mzee aliyesimama akatabasamu, akasema, "Hiyo pikipiki yenu ina kiu kuliko ninyi. Iambieni isubiri, bia bado haijafunguliwa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilijua ni kuku tu. Kelele ikaendelea, halafu ikaanza kufifia kidogo kidogo. Nikadhani imechoka. Kumbe inaondoka.

Likafika lile swali linaloulizwa kila mahali: huyu kijana atamlisha nini binti yetu? Msemaji wetu akatanua kifua, akasema kijana ana pikipiki yake mwenyewe, hamfanyii kazi tajiri yeyote, tokeni nje mkaione. Wakatoka. Palikuwa na alama ya tairi na kinyesi cha kuku.

Baba wa binti hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. Alisema polepole kwamba wao wataendelea kukaa, lakini swali lao halijapata jibu, na kama pikipiki haitaonekana kabla wageni hawajaondoka, basi tutaongea mwaka mwingine. Nilimwona binti dirishani ameziba mdomo kwa kiganja. Mjukuu wangu alikuwa amebadilika rangi kama majivu.

Tukatoka yeye, mimi, na baba mdogo wa binti. Walitaka nibaki. Nikawauliza huyu kijana amelelewa na nani. Nikapakiwa nyuma ya baiskeli ya baba mdogo, na mwenye suti akakimbia pembeni yetu.

Kujua imepita wapi hakukuwa na shida. Kila tuliyemuuliza kama ameona pikipiki inayolia alisema ndiyo, tena kwa furaha. Mama mmoja anayechoma mahindi alisema alimhurumia sana yule kaka, mafuta yamemwishia na betri imeingia wazimu, akampa maji ya kunywa. Wanaume wawili waliotoka shambani walimsukumia mlima mzima. Walimsukumia! Siku hizi pikipiki zinasukumwa kila barabara, nani atashangaa? Mwizi anapita mchana na mali ya watu inalia kama mbwa aliyekanyagwa, na watu wema wanaweka majembe chini wamsaidie. Nilitafuta wa kumtukana nikamkosa, maana kila mmoja alikuwa ametenda wema.

Tuliikuta kwenye migomba, karibu na njia inayoshuka Kobero, mpakani na Tanzania. Ilikuwa bado inalia, lakini kwa sauti ya mgonjwa. Mwizi hakuwepo. Aliyekuwepo ni mwanamume anayeuza mafuta ya magendo kwenye chupa, amejificha humo humo migombani, na hasira yake ilizidi yetu.

"Mi sikumupa hata tone, mama," akaniambia. "Nilimwambia zima kwanza hiyo kitu. Watu wa duwane wako hapo chini, we unaniletea kelele? Akashindwa kuzima, akaitupa, akakimbia. Sasa muitoe, tafadhali."

Hata sisi hakutaka kutuuzia. Alitaka tu hao watu wa ushuru na askari wao wasisikie kitu, basi. Mjukuu wangu akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza, ikanyamaza. Akanigeukia meno yote nje. "Umeona, bibi? Alamu imefanya kazi."

Nikamwambia kazi imefanywa na mtu wa magendo anayeogopa kukamatwa, na kwamba kama tangi lingekuwa na nusu lita tu, sasa hivi tungekuwa tunaitafuta Tanzania. Alikuwa anaifuta vumbi kwa tai yake.

Tukaanza kuisukuma kurudi, safari hii kimya. Tulipofika kwa mama wa mahindi, akasimama katikati ya barabara, na wale wanaume wawili nyuma yake.

"Pikipiki hii imepita hapa na mwenyewe," akasema. "Yule kaka mmemfanya nini?"

Nikamweleza lile ambalo kwa haraka hatukumwambia tulipopita: yule ndiye mwizi.

"Mwizi gani apite na kelele mchana kweupe? Mwizi ni wa kupita kimya, kama nyinyi."

Karatasi za pikipiki zilikuwa zimebaki kwenye gari la kukodi. Baba mdogo akataja ukoo wake, wakasema hawaujui, wao ni wa kilima kingine. Majembe yakapanda mabegani. Nina mvi kichwa kizima, nimevaa kitenge changu cha sherehe, na ninaitwa mwizi na mwanamke aliyemnywesha mwizi maji. Mjukuu wangu akabonyeza rimoti. Pikipiki ikalia. Akabonyeza tena, ikanyamaza. Mama wa mahindi akamwomba arudie. Akarudia. Wakatazamana, wakaanza kucheka, na wale wawili wakashika kiti nyuma, wakasukuma pamoja nasi mpaka juu ya mlima.

Kwa hiyo mkiniuliza, alamu haimzuii mwizi. Inawachosha majirani tu, mpaka siku anapokuja kweli na wao wameshaziba masikio. Nunua mnyororo, ingiza pikipiki ndani. Ukishafanya hivyo, kama bado una hamu ya kelele, weka na hiyo alamu. Sitasema zaidi ya hapo, hata mjukuu wangu anibembeleze vipi.

Tulifika wageni bado wamekaa. Baba wa binti akaizunguka pikipiki, akaomba rimoti, akabonyeza mwenyewe, akaruka nyuma. Kisha akasema jibu wameliona, ila tulitoka kabla mazungumzo hayajafungwa, kwa hiyo faini ipo palepale. Tukalipa. Walipoanza kufungua bia walinitaka nikae mbele na wazee wenzangu. Nikasema bia iletwe hapa hapa nilipo. Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki.