Wazee Wawili na Shamba la Matuta

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ilipokuwa ikishuka Sumbawanga kwa marobota na kila kijana wa sokoni akiuza betri na sabuni za Zambia, mimi nilitembeza bidhaa ambayo hakuna aliyeiulizia. Nilikuwa mmisionari wa Wamormoni. Shati jeupe, tai, na viatu vyeusi ambavyo kabla jua halijapanda vizuri vilikuwa vimeshakuwa vyekundu kwa udongo. Utaratibu wetu ni kutembea wawili wawili, na mwenzangu alikuwa kijana wa Kenya. Kila mmoja alivaa kifuani kibao chenye jina lake, na mbele ya jina neno Mzee, ndicho cheo chetu. Mwenzangu hakuwa ameanza hata kunyoa ndevu. Watu wazima wa Katandala, tulikopanga chumba, walikuwa wakituamkia shikamoo kwa makusudi, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nasema mapema kwamba nilichoka, asije mtu akadhani hii ni hadithi ya ushujaa. Upepo wa Ufipa haujali sweta. Na watu wenyewe, wengi wao Wakatoliki tangu enzi za babu zao, hawakuwa wakali hata kidogo. Walitukaribisha, wakatupa vigoda, wakatusikiliza mpaka mwisho, wakatushukuru, na Jumapili wakaenda zao kwenye misa. Afadhali wangetufukuza. Mtu akikufukuza unajua yameisha. Akikuambia karibu tena Alhamisi, huna budi kurudi Alhamisi.

Mmoja tu ndiye aliyetuchukulia kwa uzito. Alikuwa mama mjane wa kijiji kimoja nje ya mji, mwendo mrefu kwa mguu, mwenye watoto watatu na shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Tulimfundisha kwa miezi kadhaa, chini ya upenu wa nyumba yake, huku akichambua maharage. Hakuwa mtu wa kuitikia tu. Aliuliza, akabisha, akaenda kulifikiria, na siku moja akatuambia mwenyewe kwamba anataka kubatizwa. Njia nzima ya kurudi mwenzangu aliimba.

Kikwazo kilikuwa pombe. Kanisa letu haligusi pombe, wala kahawa, wala chai ya majani. Chai aliiacha bila kinyongo, na kunywa pombe aliacha vilevile. Tatizo lilikuwa shamba. Mbolea ya dukani haikushikika tena tangu ruzuku iondolewe, kwa hiyo watu walikuwa wamerudi kwenye matuta ya zamani: unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazifukia kwenye matuta ya mviringo zioze, na msimu unaofuata unayatawanya na kupanda ulezi. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anaita majirani, wanalima kutwa na jioni wanakunywa. Asiyepika halimiwi. Na lazima matuta yaishe kabla mvua hazijakatika, maana udongo ukishakauka jembe linadunda. Mama yule asipolimiwa, mwaka unaofuata wanawe hawana chakula.

Mwenzangu alisema mtu hawezi kuikataa pombe mdomoni na kuipika jikoni. Nilikubaliana naye. Tukamwambia mama awe na subira, Mungu atafungua njia. Neno hilo la subira tulilitumia sana mwaka ule, hasa kwa watu waliokuwa nayo kutuzidi.

Alijaribu. Alipika togwa isiyolevya, tamu, nzito, chungu kikubwa, akaita watu. Majirani walikuja na majembe yao, wakaonja, wakatazamana. Kwa heshima ya marehemu walilima mpaka jua lilipokuwa kali, kisha kila mmoja akakumbuka shughuli yake nyumbani. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyebaki kumweleza kwa upole kwamba togwa ni ya watoto.

Basi tukalima sisi. Tulivua tai, tukaazima majembe, tukasali kabla ya kuanza, na katika sala ile nilimaanisha kila neno. Viganja vilichunika. Mgongo ulinikatika. Tulikwenda kila siku tuliyoweza, na kila tukifika tulikuta matuta yetu ya juzi yamesimama vizuri kuliko tulivyoyaacha, mpaka mtoto wake mkubwa akaropoka kwamba mama huyarudia tukishaondoka. Shamba halikuonekana kupungua. Mvua ndizo zilizopungua.

Asubuhi moja alitukalisha akatuambia bila kuzunguka kwamba ameloweka ulezi wa pombe. Mwenzangu alitoka nje, akasimama ameupa mlango mgongo. Mimi nilihisi nafuu, na nafuu ile ikaniuma kuliko viganja.

Siku ya kulima kilikuja kijiji kizima, kwa nilivyoona. Walijipanga, wakaimba kwa Kifipa, na nyasi zikageuka mbele yao kwa kasi ambayo mimi sikuwahi kuiota. Tulilima nao. Shemeji akatupita akisema shikamooni wazee, mbona mnabaki nyuma, leo mmekula nini. Alasiri shamba lilikuwa limekwisha, lote, hadi kona tuliyohangaika nayo sisi.

Jioni walikizunguka chungu cha pombe. Mama aliwahudumia wote, kisha akaja kukaa nasi pembeni na kikombe cha maji. Pombe hakuigusa. Mwenzangu, ambaye alikuwa hajasema naye tangu asubuhi ile, akamuuliza kwa sauti ya chini kama bado anataka kubatizwa.

"Nataka," alisema. "Ila kama kupika ni dhambi, mwakani nitapika tena. Sitawadanganya nyie, wanangu."

Mwenzangu akaanza kumweleza habari za imani, kwamba ikiwepo, njia hupatikana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kama walivyotusikiliza wenzake wote.

"Imani ninayo, mwanangu. Watu wa kulima ndio sina. Nyie mko wawili, na mwakani mtakuwa mmehamishwa. Hawa watakuwepo."

Niliona uchungu, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu nilikuwa nimechoka mno hata kumbishia kwa ajili ya Mungu. Aliinuka kwenda kuongeza maji ya moto kwenye chungu, maana pombe ile hunywewa ya moto. Tulimaliza maji yetu, tukawaaga wote, mmoja mmoja, kwa mkono.

Kabla ulezi wa shamba lile haujapandwa, mimi nilikuwa nimeshahamishiwa mji mwingine, naye alikuwa bado hajabatizwa.