Maji ya Kwanza ya Pampu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya maji Lodwar, mwaka 2012, Mkuu wa Maabara alinionyesha kijiti cheusi cha kaboni chenye utando mwembamba wa zebaki.

"Hii ni elektrodi," akasema. "Mzee, wewe ulikuwa fundi wa pampu, mikono yako imezoea spana. Hii ukiigusa kwa kidole tu, umeiharibu."

Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, lakini kazi niliishika. Tulitafuta risasi, madini yanayodhuru akili za watoto hata yakiwa kidogo sana. Unaipa elektrodi umeme hasi huku maji yakikorogwa, na risasi iliyomo inajikusanya juu yake. Kisha unazima kikorogeo, unangoja maji yatulie, unapandisha volti polepole. Risasi ikibanduka hutoa mkondo mdogo wa umeme, na skrini huchora kilele. Kilele kirefu, risasi nyingi. Kujua kiasi, unaongeza tone la risasi ambayo kipimo chake unakijua, unarudia, unalinganisha.

Maji yakitulia, hatukuzungumza. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kimya kile hakikunilemea.

Mwaka 2013 tulitumwa kwenye pampu ya mkono nje ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Zahanati ilishuku kwamba maji yake yanawaumiza watoto. Tulifuata utaratibu: kupampu kwanza, kumwaga maji yaliyolala bombani ili tupate ya ardhini, ndipo kujaza chupa. Mama aitwaye Nakiru, ambaye mtoto wake alikuwa mmoja wa wagonjwa, akasukuma jerikeni yake chini ya mdomo wa pampu.

"Ejok, wazee," akatusalimu kwa Kiturkana. "Nyinyi kwenu iko mto?"

"Hapana, mama," Mkuu akajibu.

"Sasa mbona mnamwaga maji? Hapa hata ngamia akimwaga, tunagombeza yeye."

Wenzake wakacheka. Tukapima chupa yetu palepale kwa mashine tuliyokuja nayo; mstari wa skrini ukatoka karibu bapa, bila kilele. Dereva wetu akaanza kufunga masanduku, lakini Mkuu alikuwa bado anaitazama ile jerikeni.

"Mama, asubuhi nani huchota wa kwanza?"

"Mimi. Nyumba yangu iko karibu."

"Na yale ya kwanza kabisa, unamwaga?"

"Nimwage, kwani nimeenda wazimu?"

Tukalala Kakuma. Asubuhi tulipima maji ya kwanza kutoka jerikeni ya Nakiru, na kilele kikapanda juu. Nikarudia, kikapanda vilevile. Nilipoifungua pampu nilikuta valvu mpya za brasi, shaba ya manjano ya bei rahisi, ile inayochanganywa na risasi. Maji yakilala humo, yanaichukua.

Mkuu akaifunga pampu.

"Na leo nitapika na nini?" Nakiru akauliza.

"Lori la maji linakuja. Likichelewa, chukueni yetu ya garini."

Lilichelewa. Tuliwapa yote.

Tulipoweka valvu za chuma cha pua, asubuhi iliyofuata tukapima tena maji ya kwanza, kutoka jerikeni ileile, na mstari ukatoka bapa. Nakiru akainama mbele ya skrini.

"Hii mstari inasema nini?"

"Inasema mpe mtoto maji," Mkuu akamjibu.

Hakutushukuru. Alijitwika jerikeni akaenda nyumbani.

Kama mtoto alipona sawasawa, sijui. Mashine yetu huonyesha risasi. Haiwezi kuitoa mwilini mwa mtu. Sasa nimestaafu, na vijana wa maabara wakiniuliza kuhusu kazi, nawaambia wajaze chupa mbili: moja ya maji yanayotoka ardhini, nyingine ya maji ambayo mama wa pale atampa mtoto wake.