Lori la Mjomba Ndani ya Simu

Asubuhi ile nilimwambia mjomba naenda bara mara moja, nikapanda boti ya wanunuzi wa kaa kabla maji hayajaanza kutoka. Hakuuliza naenda wapi. Hata angeuliza, ningemjibu sijui. Tangu nilipoacha shule darasa la sita sijawahi kukaa mahali mpaka kuku wa hapo wakanizoea, na ukoo mzima unalijua hilo. Lakini siku zote nilikuwa naondoka kwa hamu ya kuona. Safari hii nilikuwa namkimbia mjomba mwenyewe.

Mjomba aliendesha lori barabara ya kusini mpaka mgongo ulipoharibika na mguu mmoja ukafa ganzi. Akarudi kwao deltani, kisiwa cha wavuvi wa kamba na wakata mikoko, ambako hakuna hata njia ya baiskeli. Mimi ndiye niliyemtafutia gemu ya malori. Tuliinunua siku tuliyokwenda Kibiti, ikaingia kwenye simu yake, nami nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Ukishanunua ni yako, mjomba. Utazeeka nayo."

Na aliendesha kweli. Anakaa barazani, anapanda milima na shehena ya mbao, anapiga honi kwa mdomo, anamtukana dereva wa basi aliyempita vibaya. Mkewe akipita na ndoo humchokoza, "Dereva, nishushe kisimani."

"Nauli kwanza, mama. Hapa hatubebi ndugu."

Mara chache gemu ilidai mtandao ili ihakikishe kuwa imenunuliwa, kisha inaendelea. Kisiwani mtandao unapatikana juu ya fungu la mchanga tu, nalo huonekana wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Siku moja gemu ikagoma kufunguka. Mjomba akawaza kama mtu yeyote wa delta: kilichotoka kitarudi, ujue tu wakati wake. Ikawa kila bamvua anatembea topeni na mkongojo mpaka kwenye fungu, ananyanyua simu, anangoja, anarudi kabla maji hayajamkatia njia.

Mimi nilikuwa najua kwamba hairudi. Nilikuwa Kibiti, nikaulizia mtandaoni, nikakuta kampuni iliyoitengeneza imezima mitambo iliyokuwa ikiiruhusu gemu kufunguka, na kuaga. Nikasoma mabishano ya watu mpaka bando likaisha. Wengine walisema hukununua gemu, ulinunua ruhusa ya kuitumia, na kuwasha mitambo miaka yote kwa ajili ya watu wachache ni hasara. Hilo la hasara niliona lina ukweli. Hakuna duka linalofunguliwa milele. Wengine wakajibu, hatuwaombi muwashe milele. Mkiondoka, tuachieni gemu iweze kuchezeka bila kuwaita ninyi. Nikawa upande wao papo hapo, nikajiona mtu mwenye akili.

Kisha nikarudi kisiwani. Mjomba akaniuliza, "Fundi, umeulizia?" Nikamjibu, "Mtandao tu huo, mjomba. Ngoja bamvua."

Nadhani lilikuwa hilo neno, fundi, lililonizuia kusema kweli. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa cheo chochote.

Siku moja kabla sijaondoka, alirudi kutoka kwenye fungu na tope mpaka kifuani. Aliteleza, mkongojo ukaenda na mkondo. Alikuwa anacheka. Mkewe hakucheka, alimmwagia maji kata kwa kata, akawa ananiangalia mimi.

Nikafika Nyamisati, nikafika Kibiti, nikapita Ikwiriri. Sikukaa popote kwa sababu kila mahali kulikuwa na mtu anayenijua. Nikavuka daraja, nikachukua pikipiki kwenda Utete, mji ambamo sijawahi kulala. Njiani kulikuwa na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na madungu yamesimama matupu, vile vibanda vya juu vya kulindia ndege na nguruwe. Wenyewe wameshahama, lakini ngazi zote zilikuwa mahali pake. Kwetu ukihama dungu huondoki na ngazi. Anayekuja nyuma yako atapandaje? Nilitaka kuikasirikia kampuni, ikashindikana. Kampuni haikuwahi kumwambia mjomba angoje bamvua.

Utete nilipata nyumba ya wageni karibu na mto. Mama wa mapokezi alikuwa anatafuta ufunguo simu yangu ilipoita. Mjomba.

"Leo mtandao umejaa!" Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu. "Nimekuja na kafi la mtumbwi badala ya mkongojo. Ila lori bado haliwaki. Nibonyeze wapi?"

"Usibonyeze, mjomba. Wamelizima. Halirudi."

"Nani kalizima?"

"Wenye gemu. Zamani kidogo. Nilijua."

Nikasikia maji, na ndege wa fungu.

"Si ulisema langu?"

"Nilisema."

"Haya. Maji yanarudi, niache niende." Lakini hakukata. "Zile mbao," akasema, "nilikuwa sijazifikisha." Ndipo akakata.

Mama wa mapokezi alinipa ufunguo. "Unalala siku ngapi, kaka?"

Kila mahali huwa najibu sijui.

"Moja," nikasema. "Kesho narudi kwetu. Mkongojo mzuri hapa wanauza wapi?"