Moyo Usioonekana Chini ya Tumbo Langu

Mnisamehe mwandiko huu, na maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache.

Nilipopata mimba ya kwanza nilikuwa mnene sana. Kwetu Kanyakine walinisifu, wakasema bwanangu ananitunza. Hospitalini Meru haikuwa sifa. Mpiga picha za ultrasound alinisukuma tumbo na kile kifaa chake hadi nikaumia, kisha akasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, "Mafuta yamezidi. Moyo wa mtoto siuoni. Rudi baada ya wiki mbili."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake, "Huyo atafutiwe daktari wa ng'ombe." Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Nyumbani bwanangu akauliza, "Mtoto ako aje?"

"Ako sawa."

Jumapili mama mkwe alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa mjukuu mzima, na mimi nikasema amina.

Wiki mbili zikapita, zikawa tano. Kila nikikamua ng'ombe wetu niliufikiria ule moyo. Mwishowe nikaenda peke yangu, nikidanganya kwamba naenda kununua mbegu. Mara ya kwanza nilikuwa nimepakwa kitu cha kuteleza, basi nilidhani moyo haukuonekana kwa sababu ngozi yangu ilikuwa kavu mno. Asubuhi hiyo nikajipaka tumbo lote mafuta ya kukamulia, nusu kopo.

Mpiga picha wa siku hiyo alikuwa mama mtu mzima. Alinusa. "Mwari, binti yangu, umekuja kukamuliwa?"

Nilimweleza yote, machozi yakinitoka. Alifunga mlango kwanza, ndipo akacheka. Akanipangusa kwa karatasi nyingi.

"Ngozi haina shida. Lala kwa ubavu. Sasa shika tumbo, ulivute juu."

Nikaliinua kwa mikono miwili. Akapitisha kifaa chini ya ule mkunjo, halafu kitovuni, mahali ambapo alisema mafuta ni membamba. Alikawia. Akanigeuza upande wa pili, akangoja mtoto naye ageuke.

"Huyu hapa. Angalia moyo, vyumba vinne. Unadunda vizuri."

Mtoto sasa anatembea. Bwanangu bado sijamwambia kwamba kwa wiki tano niliogopa kuchekwa kuliko nilivyomwogopea mtoto wetu. Kuandika hapa ni rahisi kuliko kumtazama usoni.

Kama nawe uliambiwa urudi ukaona haya, tafadhali niandikie, hata mistari miwili. Uniambie pia kama ulimwambia mwenzako, na ulianzaje.