Kitambulisho cha Namba Tisa

Siku zile za Ebola ng'ambo, upande wa Kongo, niliamini kwa moyo wangu wote, tena nikiwa na cheti cha sekondari ukutani, kwamba ile bunduki ndogo nyeupe waliyotuelekezea kwenye paji la uso mpakani haikupima homa. Kinyozi mmoja wa Rubona ndiye aliyenifungua macho, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu aliyekushikia wembe shingoni hubishani naye. Alisema homa ni kisingizio tu. Kile kitu kinasoma mawazo. Ukiwa unawasema wakubwa moyoni, taa inawaka nyekundu, unawekwa pembeni kwenye hema, na kesho yake kazi yako ina mtu mwingine.

Chekeni. Mimi nilikuwa na ushahidi. Jirani mmoja wa Rugerero, aliyeshinda akimtukana mwenyekiti wa ushirika wao kutwa nzima, aliwekwa pembeni mbele ya macho yangu. Kwamba alikuwa amevaa makoti mawili juani na meno yanagongana kwa malaria, hilo sikulipa uzito. Nilisoma shule ya jioni miaka sita, nikaongoza darasa zima katika fizikia (tulikuwa wanne), lakini kwenye mtihani hawakuuliza habari za bunduki ile.

Kazi yangu ilikuwa kutunza vifaa vya timu ya mpira hapa mjini. Nilifua jezi, nikazianika kwenye majani karibu na ziwa, kila moja na jiwe lake ili upepo usiivushe Kongo bila karatasi. Nililijua jasho la kila mchezaji kuliko mke wake. Na hakuna niliyemfulia kwa mapenzi kama namba tisa wetu, kijana wa Nyamyumba, mwenye shuti ambalo, naapa, siku moja lilitoboa wavu, likavuka barabara, likamwangusha kuku aliyekuwa akijipitia zake. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, nami nilimwita mudogo.

Mkataba wake ulikuwa unaisha pamoja na msimu. Kila mtu alijua atapewa mwingine. Mama yake alikwisha kulitangazia soko zima. Mama huyo aliuza nyanya ng'ambo. Alivuka asubuhi na beseni kichwani, akarudi nalo tupu jioni.

Ndipo ikaja Jumapili moja. Tulishinda mawili, yote yake, na mtangazaji wa redio akamfuata pale pale uwanjani kumuuliza lile bao la pili lilikuwaje. Yeye akajibu habari za mpaka. Wiki hiyo foleni ya wachuuzi ilikuwa imerefuka kuliko kawaida, na mama yake alikuwa amerudi mara mbili na nyanya zilizopondeka.

"Wanaotunga sheria za mpaka hawajabeba nyanya kichwani hata siku moja," alisema. "Wabebe siku moja tu, halafu waandike."

Nilikuwa kando yake na ndoo ya maji. Ilinitoka mkononi, ikalowesha viatu vya mtangazaji.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Kelele ningezipima. Kimya unakipima kwa kipimo gani? Kocha wetu, mzee aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, alimwambia tu kwamba mpira una lugha yake, akaendelea kupanga koni za mazoezi. Wenzake waliacha kumgusa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo ilibaki nafasi ya mtu mmoja kila upande wake, utadhani amepakwa rangi mbichi. Na mjumbe mmoja wa kamati, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mazoezini, akaanza kuja kila siku na miwani yake myeusi, anasimama kwenye kona, haandiki, hasemi. Nilimwota na miwani yake. Nilikonda kilo ishirini. Mke wangu anasema mbili.

Mwenyewe hakusema anaogopa. Mimi nililiona kwenye beseni la kufulia: kola ya jezi yake ilianza kunijia imetafunwa. Wiki ya kwanza uzi mmoja mmoja, wiki ya pili kola nzima.

Mama yake akanifuata ziwani nilikokuwa naanika. Alisimama kati ya jezi, akaitafuta ya mwanawe, akaiona ile kola.

"We uko karibu nao," akasema. "Mutoto yangu watamufanya nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, mama.

"Usinidanganye. Mpira ndiyo kazi yake, ingine hana. Umulinde."

Niliapa nitamlinda. Niliapa kwa sauti kubwa, maana mimi hata kuapa nazidisha.

Baada ya siku chache kocha akaniita, akaniambia tunavuka Alhamisi kucheza mechi ya kirafiki Goma. Kamati nzima itakuwepo, na kijana atatazamwa. Akicheza vizuri, watasaini. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru Mungu. Mimi nilisikia neno moja tu: tunavuka. Nikaiona ile foleni, wachezaji wote wameshuka kwenye basi, wananawa mikono kwa maji ya klorini, wanapita mmoja mmoja. Na huyu mtoto, na nyanya zote zile kichwani mwake? Taa ingewaka mpaka volkano ya Goma yenyewe ione wivu. Mbele ya kamati.

Sasa, desturi yetu ya kuvuka ilikuwa hivi. Siku moja kabla, mimi nakusanya vitambulisho vya wote, naandika orodha, navifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo halitoki kwapani mwangu mpaka mpakani. Hapo namkabidhi ofisa kila kitu kwa mpigo. Jumatano nilikusanya vyote. Alhamisi asubuhi, kabla basi halijaja, nilitoa kimoja nikakisukuma ndani ya soksi yangu.

Mpakani orodha ikasomwa. Kimoja hakipo. Namba tisa akajipapasa mifuko yote, akafungua begi, akalimwaga chini, viatu na bandeji na chupa ya maji, mbele ya watu. Kisha akanitazama.

"Yaya, nilikupa jana."

"Hukunipa, mudogo."

Basi. Maneno mawili. Mjumbe wa miwani alivua miwani yake kwa mara ya kwanza, akamtazama vizuri, akairudisha. Tulimwacha akirudisha vitu vyake begini, amechuchumaa kando ya beseni la nyanya la mama mmoja nisiyemjua.

Zamu yangu ilipofika nilifunga macho nikawaza mbuzi. Mbuzi tu, wa rangi zote, mamia ya mbuzi. Taa ikawa ya kijani. Nikavuka nikiwa na furaha ya mwizi, najiambia nimemuokoa.

Tulifungwa matatu. Tuliporudi, kitambulisho nilikitumbukiza kwenye kiatu chake cha mazoezi, akakikuta, akaniomba msamaha. Aliniomba msamaha, mimi. Alisema siku hizi kichwa chake hakishiki kitu.

Mwisho wa msimu barua ya kumnyima mkataba ilikuwa na sababu moja: uzembe, alikosa safari ya timu. Redio haikutajwa, wala mpaka, wala nyanya. Nilimuuliza kocha, huku nakunja jezi ili nisimtazame usoni, kama kweli ni kwa ajili ya kitambulisho tu.

"Walikuwa wanamwogopa na walikuwa wanatafuta sababu," akasema. "Hawakuwa nayo. Angevuka akafunga, wangemkataa kwa lipi? Sasa kuna mtu amewaletea sababu mezani."

Mikono yangu ilikunja jezi ile ile mara tano.

Wiki mbili baadaye timu moja ya ng'ambo ikamwita imjaribu. Siku moja, mazoezi ya mara moja, ndiyo au hapana. Mama yake alikwisha kuvuka na nyanya zake, kwa hiyo kijana akanitafuta mimi nimsindikize na kumbebea begi. Alisema mimi nina bahati.

Tulisimama kwenye foleni pamoja na akina mama na mabeseni yao. Ilisogea hatua kwa hatua. Niliona ile bunduki nyeupe ikipanda na kushuka mbele yetu, paji kwa paji. Ilipobaki watu watatu nilimshika mkono nikamnong'oneza afunge macho, asiwaze mpaka, asiwaze mama yake, awaze mbuzi.

"Mbuzi ya nini, yaya?"

Nikamwambia ya nini. Nikamwambia kinyozi, nikamwambia hema, na kwa kuwa ulimi ukishateleza haukamatiki, nikamwambia soksi.

Mtu mmoja mbele yetu akapita. Kijana alinitazama, kola ya shati lake ikiwa mdomoni.

"Donc, kumbe ni wewe," akasema.

Akalivua begi begani mwangu, polepole, akalivaa mwenyewe, akasogea mbele. Muuguzi, msichana mwenye glavu na buti za manjano, akainua mkono, taa ikawa ya kijani. Kijana hakuondoka. Alinielekezea kidole bila kugeuka.

"Dada, mwambie huyu. Hii kitu inapima nini?"

Muuguzi akanitazama, akakitazama kile kitu mkononi mwake.

"Homa," akasema. "Inapima homa tu, baba. Mawazo ya mutu haiyajue."