Spika za Fundi Cherehani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtu asijaribu kumwambia kwamba kuna kazi ya mikono asiyoiweza. Ameshabadilisha bawaba za mlango, ameshaziba bomba la jikoni kwa mpira wa baiskeli, na kiti ninachokalia nikienda kwake alikigongomea mwenyewe. Kinayumba, lakini usithubutu kumwambia.

Kwa hiyo mumewe alipoleta waya nene za spika na kusema atamtafuta fundi wa redio, shangazi aliona ametukanwa ndani ya nyumba yake.

"Fundi ni nani hapa?"

"Wa nguo, mama watoto. Huu ni umeme."

"Waya ni uzi tu, ila wa shaba. Lete hapa."

Mumewe tunamwita Mzee Besi. Ujanani, kabla hajamjua shangazi, alipiga gitaa la besi kwenye bendi, na jina likamganda. Bendi ilivunjika kabla ya harusi yao, gitaa likauzwa, na kwa miaka thelathini na miwili shangazi amekuwa akisimuliwa tu: ukumbi ulivyotikisika, watu walivyokataa kukaa chini. Yeye huitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuinua macho kwenye cherehani. Hata mimi niliamini nusu, maana mzee yule akitoka dukani kununua sabuni tu, habari yake anaitia chumvi.

Sasa wiki ile mwimbaji wao wa zamani alikuta kaseti kwenye sanduku lake, akamletea. Bendi nzima, imerekodiwa kwa maikrofoni moja, rekodi pekee iliyobaki. Mzee Besi alishinda nayo mfukoni siku tatu, kila saa anaipapasa kuhakikisha ipo. Alitaka mkewe amsikie, hata mara moja tu. Hakusema, lakini sisi tulimwona.

Redio yao kubwa ilikuwa nzima, ila waya zake za zamani zilikuwa zimekatikakatika. Hizi mpya zilikuwa nene hasa, na matundu ya nyuma ya redio madogo. Mimi, mama wa watoto wawili, nilijibana kati ya kabati na ukuta nikishika tochi, huku vumbi likinipalia.

"Punguza hizo nyuzi za shaba kwa mkasi, zitaingia," Mzee Besi alishauri.

Shangazi alimtazama kana kwamba ameomba suti ikatwe mabega. Akazisokota zile nyuzi kwa vidole mpaka zikakaza, akakata ncha mshazari, kama afanyavyo uzi mgumu ukikataa kuingia sindanoni. Zikapita zote, wala hakuna unyuzi uliochomoza kugusa tundu la jirani. Kila waya ilikuwa na njia mbili zinazofanana, kwa hiyo ile ya tundu jekundu akaizungushia uzi mwekundu ncha zote mbili, asije akachanganya. Nilimwonea fahari, nasema kweli.

Nyuma ya spika zenyewe rangi zilikuwa zimefutika, yamebaki matundu mawili mawili tu. Shangazi hakusita. Spika ya kushoto, uzi mwekundu ukaenda upande wa nje. Ya kulia vilevile, upande wa nje. Akarudi nyuma akazitazama, akaridhika.

"Weka kaseti, mzee."

Tarumbeta zikalia, mwimbaji akaingia, ngoma zikafuata. Mzee Besi aliinamisha kichwa, akasogea karibu, akasogea tena. Tabasamu likamwisha taratibu.

"Mimi sipo," alisema.

Ni kweli, hakuwepo; besi haikusikika hata kidogo. Muziki ulikuwa mwembamba, unaelea hewani, hauna miguu. Mzee akajaribu kucheka. "Kaseti imezeeka. Wenzangu wote imewaacha, mimi imenifuta." Akatoka barazani akakaa peke yake. Roho iliniuma mpaka nikazima tochi bila sababu.

Shangazi alirudi kwenye redio. Akaizima, akachomoa pale waya ya spika ya kulia, akaiwasha tena sauti ikiwa chini kabisa, akatega sikio kwenye ile ya kushoto. Akanivuta mkono. Kwa chini, mbali, kulikuwa na kitu kinatembea: dum, dum-dum.

"Moja peke yake inaimba," alinong'ona. "Zikiwa mbili zinagombana. Kwa nini?"

Akazunguka nyuma, akatazama nyuzi zake nyekundu, moja kushoto kabisa, moja kulia kabisa. Akajipiga paji la uso.

"Jamani! Nimezishona kama mikono ya shati!"

Miaka yote anakata mikono ya nguo, wa kushoto na wa kulia, jozi inayotazamana, na vidole vyake vikajiendea vyenyewe. "Hizi si mikono," alisema. "Hizi ni vifungo. Vyote vinatazama upande mmoja, la sivyo spika moja inasukuma, nyingine inavuta, na besi inapotea." Akazima redio, akahamisha uzi mwekundu wa spika ya kulia ukawa upande uleule kama wa kushoto, akaichomeka tena waya yake kwenye redio, akarudisha kaseti mwanzo. Kisha akapaza sauti, ileile anayowaitia wateja wake:

"Mzee! Njoo ujaribu!"

Safari hii besi ilikuja kwanza kwenye sakafu, kabla hatujaisikia masikioni. Kopo la pini likatetemeka juu ya cherehani. Kioo cha dirisha kikajibu. Mzee Besi alisimama mlangoni, vidole vya mkono wake wa kushoto vinakimbia hewani, vinajua kila hatua.

Shangazi aliweka kiganja juu ya spika na kukiacha hapo mpaka wimbo ulipokwisha.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Nikasubiri ile "ndiyo, ndiyo" yake. Haikuja. Shangazi alifunika cherehani kwa kitambaa, mchana kweupe, na kazi za watu zimejaa mezani. Akavuta kile kiti kinachoyumba, akakaa, akamtazama mumewe.

"Rudisha mwanzo," alisema.