Robo Tatu ya Saa Niliyomnyima Kaka Yangu

Ndugu yangu unayesoma hapa, kaa nikwambie. Padri nimeshamwambia, akanipa kitubio, nikakitimiza chote. Bado moyo haujatulia. Kosa ni langu. Si la baba mdogo, si la katekista. Langu!

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nyakato, hapa Musoma. Shule niliishia la saba. Nilipofika miaka arobaini na mbili nikajiandikisha masomo ya jioni. Weee, nilivyokuwa najisikia! Kila nikipanda gari nilikuwaga namuuliza dereva anatembea spidi ngapi, halafu nawatangazia abiria tutafika saa ngapi.

Maana tulikuwa kwenye mada ya mwendo, umbali na muda. Mwalimu alituchorea pembetatu: umbali juu, mwendo na muda chini. Ukitaka muda, gawanya umbali kwa mwendo. Niliipenda hiyo mada! Ila siku aliyofundisha kugeuza saa kuwa dakika sikuwepo, jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Nikajiambia hiyo nitaielewa mbele.

Kabla sijaielewa, mama yetu akafariki, nyumbani Butiama.

Kwetu mzazi akizikwa, mtoto wa kwanza ndiye anarusha udongo wa kwanza. Wa kwanza kwetu ni kaka, na alikuwa anatokea Mwanza. Gari walilokodi likaharibika njiani. Tukangoja. Saa tisa kamili mchana akanipigia.

"Mdogo wangu, ndiyo tunatoka Bunda sasa hivi. Dereva anatembea sitini, barabara si nzuri. Msimzike mama, nakuja!"

Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Katekista naye alikuwa na msiba mwingine Buhemba. Akasema, "Namngoja mpaka saa kumi. Ikipita hapo mtanisamehe."

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye alikuwa anasimamia msiba. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, atachukua muda gani kufika?"

Nikatoa simu, nikahesabu wote wakisikia: gari linamaliza kilomita sitini kwa saa moja. Bunda mpaka kwetu tunahesabuga kilomita arobaini na tano. Nikagawanya kwa sitini. Ikaja sifuri nukta saba tano. Nikasema kwa sauti, "Dakika sabini na tano! Yaani saa moja na robo. Atafika saa kumi na robo."

Baba mdogo akakuna kichwa. Darasa hajawahi kuingia, maisha yake ni ng'ombe. Akasema taratibu, "Si umesema gari linamaliza sitini kwa saa moja? Sasa hizi arobaini na tano zinazidije saa?"

Yesu wangu! Mungu alinipa nafasi pale pale, kwa mdomo wa mzee. Mimi nikacheka.

"Baba mdogo, hizi si hesabu za kwenye zizi. Tuachie sisi tulioko shule."

Shangazi akadakia, "Mwacheni mwalimu wetu afanye kazi!" Watu wakacheka, msibani hapo. Baba mdogo akatazama chini. "Haya," akasema. "Basi tuzike."

Udongo wa kwanza akarusha yeye.

Saa kumi kasorobo, wanaume wanasawazisha kaburi, gari likaingia. Kaka alishuka hata halijasimama. Akaona tuta. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa vile.

"Nani ametoa ruhusa?"

"Mimi," baba mdogo akajibu.

"Nimesema nakuja! Mama yangu umemzika kama mtu ambaye hakuzaa!"

Baba mdogo akaniangalia. Mara moja tu. Na mimi nikashika rozari, nikajifanya nasali.

Kaka aliondoka bila kunywa hata maji. Akaapa hatakanyaga pale baba mdogo akiwa hai.

Nilijidanganya kwamba dereva alikimbiza gari. Wiki mbili baadaye, darasani, mwalimu akaandika hiyo hiyo sifuri nukta saba tano ubaoni. Akauliza ni dakika ngapi. Jirani yangu akasema sabini na tano, darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Mama, hiyo ni robo tatu ya saa. Zidisha kwa sitini." Arobaini na tano! Nilikusanya madaftari nikatoka, na sijarudi mpaka leo.

Na bado nikanyamaza! Miaka mitatu nimepokea komunyo huku mzee anatukanwa kwa ajili yangu. Saa ya ukutani ikifika kumi kasorobo mchana, naacha ninachofanya. Nasikia mlango wa gari unafunguliwa.

Mwezi uliopita nilimpigia magoti baba mdogo. Siku hizi hatoki kitandani. Nikamwambia yote. Akasema, "Nilijua tangu gari lilipoingia."

"Sasa mbona hukusema, baba?"

"Kaka yako alikuwa ameshamkosa mama. Ningesema, angekosa na dada siku hiyo hiyo."

Nililia mpaka wakanitoa nje.

Anamuulizia kaka kila siku. Kaka amebadilisha namba. Nimeenda Mwanza, kwake wanakaa watu wengine.

Wewe unayesoma, kama unajua kidogo, usimfunge mdomo mtu anayekuuliza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata mbele ya kaburi. Ukimya wangu umeua zaidi ya ile hesabu.

Nakuomba, usiishie kusoma. Mtumie mwenzako, naye amtumie mwingine, hasa mkiwa na watu Mwanza. Kaka akiisoma atajijua. Aambiwe aliyemkosesha udongo wa mama ni mdogo wake wa kike, na mzee hana kosa, na bado anapumua. Itumeni leo. Muda uliobaki mimi siupigii hesabu tena.